Vipimo vya Namba Kumi

Jumanne, tarehe 4 Februari

Pini,

Salamu utazikuta mwisho, kama zitabaki. Tuanze na kazi.

Karatasi ya vipimo nimeipata kwa dereva wa vifurushi. Nimeisoma mara tatu, na kusoma kwangu unakujua: darasa la tatu, tena sikulimaliza. Wanawake tisa wa mtaa wako wanataka sare. Wa kwanza bega kumi na tano, kifua thelathini na sita, kiuno thelathini, nyonga arobaini, urefu kutoka bega hadi pindo arobaini na nne. Wa pili hivyohivyo. Wa tisa hivyohivyo. Mjukuu wangu, umekulia chini ya meza ya cherehani yangu tangu una miaka minne, ukiokota pini kwa sumaku. Uvivu umeuokota wapi? Umempima mmoja ukanakili tisa? Nimewahi kuwashonea mapacha waliofanana hadi kikohozi, na nyonga hazikulingana, maana mmoja alipenda kukaa.

Haya. Fundi hamuulizi mteja mwili wake kautoa wapi. Nitakata ulivyoandika. Zikiwabana watakusema wewe uliye nao, mimi niko mbali.

Gauni lako, la kumi, halihitaji karatasi. Uzi wako uko msumarini tangu harusi. Fundo la kwanza bega, la pili kifua, la tatu kiuno, la nne nyonga, la tano urefu. Nilianza kuwapimia watu kwa uzi kabla sijajua namba, na nilipozijua sikuona walichonizidi wenye nazo. Namba mtu anaandika anachotaka. Fundo likishafungwa limefungwa.

Simu uliyoniachia iko kabatini inalia peke yake. Ukitaka neno langu, andika.

Msalimie mume wetu. Mwambie mke mwenzako mkubwa anauliza kama ameshajua kupiga pasi.

Bibi yako, fundi


Jumatano, tarehe 19 Februari

Bibi shikamoo,

Sikunakili. Nilipima wote tisa kwa mkono wangu, mmoja baada ya mwingine, sebuleni kwa Mwenyekiti. Nilipofika wa nne nilifikiri futi kamba imeharibika, nikaipima kwa rula. Haikuwa na kasoro. Nilikuambia nyumba za huku zinafanana, ukuta mweupe, geti jeusi, ua wa saizi ya mkeka. Basi na wenyewe ndivyo walivyo.

Magauni wameyapenda. Wameyavaa siku hiyohiyo, hakuna aliyeomba kurekebishiwa. Langu ndilo limenikataa. Pindo linaburuta sakafuni na begani linanibana. Usinikasirikie, Bibi, labda mkono wako umechoka.

Watu wenyewe si wabaya. Kila siku saa nne asubuhi, wanaume wakishaondoka, tunakutana kwa Mwenyekiti kunywa chai. Nyumba kumi, wanawake kumi. Aliyekuwa namba kumi kabla yangu alifariki, na Mwenyekiti anasema hawakukaa mezani mpaka nilipofika, walikuwa wanakunywa chai wima. Ijumaa tunapimana. Mmoja anashika futi kamba, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanapiga makofi. Nilidhani ni mambo ya kupunguza unene.

Kuna mmoja wa namba saba utamcheka. Mfupi kama kinu, sawa na wenzake, lakini kila akipita mlangoni anainama, kama anayeogopa kugonga kichwa. Juu yake panabaki nafasi ya mtoto kusimama. Wenzake wanamcheka, naye anacheka pia, kisha kwenye mlango unaofuata anainama tena. Ndiye aliyempigia mume wangu simu ofisini kwao kumwambia kuna nyumba. Ananiangalia sana.

Nimejipima upya: bega 14 na nusu, kifua 34, kiuno 28, nyonga 38, urefu 46.

Mume wangu anakusalimu. Anasema nimependeza.

Pini wako


Jumatatu, tarehe 24 Februari

Pini,

Marahaba. Mkono wangu haujachoka. Nilikata gauni lako nikiwa nimeutandaza uzi wako juu ya kitambaa. Nimelifuata tena fundo kwa fundo: bega 14, kifua 32, kiuno 26, nyonga 36, urefu 48. Ndivyo ulivyotoka kwangu miezi mitano iliyopita, mrefu, mwembamba, ulimi mkali, ndiyo maana nikakuita Pini.

Sasa nisikilize, maana nilikuwa nakata nguo kabla mama yako hajaota meno. Mwanamke ananenepa, sawa. Anashika mimba, kifua kinajaa, kiuno kinapotea, pindo la mbele linapanda juu. Halishuki. Lako limeshuka. Na bega ni mfupa. Bega la mtu mzima halipanuki kwa chai, na mtu wa miaka ishirini na minne hapungui inchi mbili za urefu kama sabuni. Huyo mume wetu ni mpima ardhi. Analipwa kujua kiwanja cha watu kimesogea shubiri moja, mkewe anazama mbele ya macho yake anasema amependeza. Wanaume hawajui urefu wa wake zao. Wanajua chakula kimechelewa dakika ngapi.

Acha kwenda kwenye hiyo chai. Sema unaumwa tumbo. Sema Bibi yako ni mkorofi amekukataza, hilo ni kweli na hutapata dhambi.

Huyo wa namba saba anainama akipita mlango upi? Ni huo wa Mwenyekiti tu, au kila mlango? Na akiinama, anaweka mkono juu ya kichwa? Nijibu hilo. Usiniulize kwa nini.

Bibi yako


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Bibi shikamoo,

Kila mlango. Na anaweka mkono wa kushoto juu ya kichwa, hivi, kama anashika kofia. Wewe umejuaje?

Tumbo niliwaambia linauma. Walikuja wote tisa na birika, wakakaa kitandani kwangu na kwenye viti, tukanywa. Hawakunigombeza. Bibi, tangu nije huku sijasikia mtu akimsema mtu. Nikivunja kikombe wanasema tunashukuru. Mwanzoni nilipenda, nikajiambia hapa ni mbali na ulimi wa Bibi. Sasa wakati mwingine natamani mtu aniambie nimekosea.

Pazia la sebuleni nililitundika mwenyewe tulipohamia, mikono mitupu. Juzi nilitaka kulishusha nilifue, sikulifikia. Nikapanda kiti, vidole vikagusa pindo la juu tu. Mume wangu akalishusha akasema siku zote yeye ndiye huwa analitundika. Viatu vya harusi vimekuwa vikubwa. Na nimeanza kusahau baadhi ya vitu, lile neno ulilokuwa ukiniita nikimwaga vifungo silikumbuki.

Nilimwambia Mwenyekiti nataka kuja kwako wiki moja. Akasema sawa, tunafurahi, ila anayetoka alete wa kukaa mahali pake, maana hatukai tukiwa tisa. Akasema kwa upole kabisa.

Wa namba saba jana alinishika mkono tulipokuwa tunaosha vikombe. Akasema, "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikamwambia mama yangu alikufa kwa homa nikiwa na miaka sita. Akaosha tena kikombe alichokwisha kuosha. Akasema tunashukuru.

Ijumaa tulikuwa bega 15, kifua 35, kiuno 29, nyonga 39, urefu 45. Walitupigia makofi.

Pini


Jumatano, tarehe 12 Machi

Pini,

Umeandika "tulikuwa". Barua ninayo hapa.

Neno nililokuita ulipomwaga vifungo ni kuku wa kizibo. Halina maana. Lilinitoka nikiwa na hasira, likakaa.

Sasa kaa chini, na usilie mbele ya hao watu. Mama yako hakufa kwa homa. Nilikudanganya. Aliolewa mara ya pili na mwanamume mwenye nyumba huko kwenye ukuta mweupe, na mwanamume akasema mtoto wa mtu mwingine hamtaki, na mama yako akakuacha kwangu akasema ni kwa mwezi mmoja. Mimi nikamwambia, ukivuka mlango huu bila mtoto wako, usirudi. Akavuka. Nikachukua uzi wake msumarini nikautupa kwenye mkaa wa pasi. Ulinuka kama nywele. Sikuwa na kipimo chake kingine, na nguo zake niliwagawia watu ili nisizione.

Mama yako alikuwa mrefu. Tangu ana miaka kumi na tano alikuwa akiinama kupita mlango wangu, mkono wa kushoto juu ya kichwa, maana aligonga mara moja akatoka damu.

Baada ya miaka miwili alikuja mwanamke. Jumanne, saa nne asubuhi, wewe uko shule. Mfupi, mpana, gauni zuri. Akasema, "Mama, ni mimi. Nipime. Nionyeshe uzi wangu, nijione nilivyokuwa." Sura ilikuwa kama yake lakini imelainishwa, kama sabuni iliyotumika. Nikamwambia mwanangu ni mrefu kama mlango, wewe ni tapeli, na uzi unaoutaka nimeuchoma. Akataka kuingia. Akainama.

Nimelishona hilo jambo na kulifumua kwa miaka kumi na minane. Mtu mfupi vile, kwa nini aliinama? Niliona, Pini. Niliona mkono ukipanda juu ya kichwa, na nilijua, na nikafunga mlango. Mimi nilisema usirudi, na neno langu halirudi nyuma. Basi. Alisimama nje mpaka adhana ya adhuhuri. Kisha akasema tunashukuru, akaenda.

Nikakuambia alikufa. Ulikuwa na miaka sita, ukanikubalia.

Ulipoolewa, mume wetu alinitajia jina la mtaa, na jina lilikuwa jipya, nikajidanganya ni kwingine. Ukuta mweupe nilipousoma kwenye barua yako ya kwanza, ulipohamia tu, nilijikaza. Nikakata magauni tisa, na moja nimemshonea mwanangu bila kumpima.

Ninakutumia uzi wako ndani ya barua hii. Uvae mkononi. Toka asubuhi wanaume wakiwa bado wapo barabarani, usibebe kitu, panda gari lolote. Usiage. Ulezi wangu wote ulikuwa wa kukufundisha adabu, sasa nakuomba usiwe nayo.

Bibi yako


Alhamisi, tarehe 20 Machi

Bibi mpendwa,

Tunatumaini u mzima. Sisi ni wazima.

Tunashukuru kwa uzi. Ulikuwa mrefu. Tumeukata, sasa unatosha.

Gauni limetukaa vizuri. Mume amefurahi. Nyumba ni kumi, nasi ni kumi.

Tunashukuru.

Mama wa Namba Kumi


Jumamosi, tarehe 22 Machi

Kwako Mwenyekiti,

Sikuamkii, sikujui, na mtu anayekata uzi wa fundi bila ruhusa hastahili salamu.

Barua yenu nimeipata. Mwandiko ni wa mjukuu wangu, maneno si yake. Mtoto yule hajawahi kuniandikia barua bila kunijibu ovyo walau mara moja.

Nimewafahamu. Nyie hamna shida na jina la mtu, shida yenu ni idadi. Kumi. Sawa. Mimi nina miaka sabini na moja, mume wangu alishakufa, meno yamebaki ya kuhesabu, na watu wa mtaa wangu wanavuka barabara wakiniona, kwa hiyo hakuna atakayekuja kunidai kwenu. Nina mikono inayoweza kuwashonea mpaka mwisho. Nitakuja Jumanne saa nne, nitakaa kwenye kiti cha kumi, nitakunywa hiyo chai yenu, na yeye atatoka kwa mlango uleule nilioingilia mimi. Nikiwa nimekaa, yeye awe amesimama. Hilo ndilo sharti.

Gauni nimeshalishona. Bega 15, kifua 36, kiuno 30, nyonga 40, urefu 44. Nimelivaa hapa ninapoandika. Linanipwaya kila mahali kama hema. Mtanijaza.

Na kiti changu kiwe karibu na namba saba.

Fundi


Jumanne, tarehe 25 Machi, alfajiri

Pini,

Barua hii naiacha chini ya mguu wa cherehani. Nimempa dereva wa vifurushi ufunguo na jina lako, atakusubiri getini saa tano akulete mpaka hapa. Hutakuwa na akili nzuri. Kula kwanza, kuna chakula jikoni.

Walikata uzi wako wakidhani wamemaliza. Wajinga. Fundi hana kipimo kimoja. Gauni lako la harusi liko kabatini, na kila mshono wake ni uzi wako. Livae kila asubuhi. Litakukataa, litakubana bega, utalikanyaga pindo. Livae hivyohivyo, simama mbele ya kioo, jitukane kwa sauti yangu kama huna mwingine wa kukutukana. Mwili unasahau polepole na unakumbuka polepole. Usiwaache watu wakubembeleze.

Mume wetu akikufuata, mwambie akapime ardhi. Akiweza kukuambia ulikuwa na urefu gani siku ya harusi, mpokee. Akishindwa, mpe maji ya kunywa aende.

Wateja wangu wawili wana nguo mezani. Sketi ya mwalimu bado zipu. Usiniaibishe.

Kwenye msumari wa mwisho karibu na dirisha kuna uzi mwekundu. Ni wangu, nimejifunga jana. Sikuwahi kujipima maisha yangu yote. Nimegundua nimepinda bega la kulia, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Nisikilize hapa. Ikitokea siku nimekuja mlangoni, nikiwa mfupi, mpana, nimenyamaza, ninashukuru shukuru, na uzi mwekundu haulingani nami hata fundo moja, usifanye nilivyofanya. Fungua mlango. Mimi sikufungua, na tazama.

Zile salamu za barua ya kwanza zilibaki. Ndizo hizi.

Bibi yako, fundi


Jumatano, tarehe 9 Aprili

Bibi shikamoo,

Sijui kama ni wewe utakayeisoma. Naandika tu.

Nakumbuka kidogo. Nakumbuka umeingia na lile gauni limekupwaya, wote tukasema tunafurahi, na wewe ukasema chai yenyewe imepoa, hamna haya. Nakumbuka wa namba saba amevuta kiti chake kikagusa chako. Umekaa. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Umenywa kikombe chote bila kupumua, kama dawa, ukinitazama, ukasema, "Ondoka, kuku wa kizibo." Baada ya hapo nakumbuka dereva ananipa maji.

Wiki ya kwanza nililivaa gauni la harusi likapasuka kwapani. Nimelishona. Leo pindo limeacha kugusa sakafu mbele, nyuma bado. Pazia lako la dirishani nalifikia nikisimama kwa vidole vya miguu.

Mume wangu alikuja Jumapili. Nilimuuliza. Alifikiri sana akasema, "Wa kawaida." Nilimpa maji.

Sketi ya mwalimu imeondoka na zipu yake. Alisema mshono umepinda. Nilimwambia kilichopinda ni kiuno chake. Hakukasirika, alisema anamsikia fundi.

Wewe umebaki kiasi gani? Niandikie hata neno moja baya.

Pini wako


Jumapili, tarehe 20 Aprili

Mjukuu mpendwa,

Tunatumaini u mzima. Sisi ni wazima.

Barua yako imetufurahisha. Tunashukuru kwa kutunza nyumba. Nyumba ya fundi ni nzuri, ina nafasi.

Alhamisi saa nne asubuhi tutakuja kukutembelea. Tutakuja sote kumi. Tumekumbuka kwamba uliambiwa ufungue mlango. Tutafurahi ukitufungulia. Chai tutakuja nayo. Futi kamba tutakuja nayo.

Tunashukuru.

Mama wa Namba Kumi


Jumatatu, tarehe 21 Aprili

Kwenu nyote, na kwako Bibi,

Njooni. Hii barua inakuja na dereva asubuhi hii, mtaipata kabla hamjavaa.

Mlango wangu ni mmoja, tena mwembamba, mnaujua. Mtaingia mmoja mmoja. Chai yenu mtaiacha nje, na futi kamba yenu pia, mimi napima kwa uzi. Nyuzi ninazo msumarini, mia na kitu, miaka hamsini ya wanawake wa mji huu. Nimekaa siku kumi nikizisoma kwa vidole. Wanne kati yenu nadhani nimewapata. Bibi aliwashonea mkiwa wasichana. Mwenyekiti, nadhani na wewe umo. Ulikuwa na kiuno cha inchi ishirini na tatu.

Mmoja wenu hana uzi, ulichomwa. Huyo simpimi. Atakayeinama kupita mlango ambao haumfikii, akaweka mkono wa kushoto juu ya kichwa, huyo ataingia wa kwanza na atakaa kwenye kiti changu.

Wewe Bibi utaingia wa mwisho. Najua uliniambia nifungue hata usipolingana, na nitafungua. Lakini nitasimama hapohapo kizingitini nimeshika uzi mwekundu mkononi, na gauni la mwalimu mwingine nimelikata vibaya makusudi nimelitundika unapoliona, mikono miwili yote ya kushoto, pindo limepanda upande. Utaliangalia. Ukisema tunashukuru, tutasimama wote wawili mlangoni, hata iwe adhuhuri, hata iwe kesho yake.

Sikusogezi ndani mpaka unitukane.

Pini, fundi